Majukwaa Makuukuu ya Ngomeni

Kabla ya kuingia katika mambo ya roketi, Santa Rita lilikuwa jukwaa la kutafutia mafuta. Lilikuwa pembetatu ya chuma yenye miguu mirefu, mali ya ENI, shirika la mafuta la Italia, nalo lilikuwa limeshachapa kazi baharini kabla halijaletwa Kenya. Mwenzake, San Marco, lile la mstatili lililokuja kubeba roketi zenyewe, nalo halikutoka kiwandani moja kwa moja. Kwa lugha ya sokoni, yote mawili yalikuwa mitumba. Yalifanyiwa matengenezo, yakavutwa na meli hadi Ghuba ya Ungwana, yakasimamishwa mkabala na Ngomeni, kijiji cha wavuvi kilichoko kilomita 30 hivi kaskazini mwa Malindi. Kati ya 1967 na 1988 satelaiti tisa ziliruka kutoka hapo, na mojawapo ilifungua tawi zima la elimu ya nyota.

Aliyeyataka majukwaa hayo ni Luigi Broglio. Alizaliwa Mestre, ng'ambo tu ya Venice, mwaka 1911. Alikuwa afisa wa jeshi la anga na papo hapo profesa wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha La Sapienza, Roma, na kofia hizo mbili zilimfaa sana: jeshini alipata watu na nidhamu, chuoni akapata vijana wa kukokotoa hesabu. Mwaka 1961 serikali ya Waziri Mkuu Amintore Fanfani ilikubali mpango wake. Mwaka uliofuata Italia ilipatana na NASA kwamba Marekani itoe roketi na mafunzo, Italia itengeneze satelaiti na itafute pa kuzirushia. Mradi ukaitwa San Marco, kwa jina la Mtakatifu Marko, msimamizi wa Venice.

Kwa nini Kenya? Jibu limo katika mzunguko wa dunia. Mtu aliyesimama kwenye ikweta anabebwa kuelekea mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa, ajue asijue. Aliyesimama Wallops, kituo cha NASA kilichoko pwani ya Virginia, anabebwa kwa kilomita 1,320 tu. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki inaipata kasi hiyo bure, na kwa roketi ndogo tofauti hiyo ndiyo inayoamua satelaiti ifike au isifike. Kuna jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Satelaiti iliyorushwa kutoka mbali na ikweta haiwezi kuzunguka juu ya ikweta bila kugeuzwa njia huko huko angani, na kugeuza njia angani kunakula fueli kuliko karibu kazi nyingine yoyote. Ngomeni iko nyuzi tatu hivi kusini mwa ikweta. Na upande wa mashariki, ambako vipande vya roketi vilivyokwisha kuungua vingeanguka, ni Bahari Hindi tupu.

Ndipo jukwaa la mafuta likapata maana. Chombo cha aina hiyo kimeundwa kwa kazi ambayo, ukiitazama vizuri, haitofautiani sana na ya kurushia roketi: kibebe mzigo mzito mbali na nchi kavu, kisimame bila kuyumba, kiwe na umeme wake, winchi zake na mahali pa mafundi kulala. Kinapovutwa baharini kinaelea kama tishari, miguu ikiwa imechomoza juu hewani. Kikifika, miguu inateremshwa mpaka ikite mchangani chini ya maji, kisha jeki zinaanza kazi kinyume: badala ya kuushusha mguu, zinalipandisha jukwaa lenyewe juu ya miguu hiyo, hatua kwa hatua, hadi sakafu iwe juu ya mawimbi na bahari ipite chini. Kuanzia hapo si meli tena. Ni kisiwa cha chuma, na siku kikihitajika kwingine kinaweza kushushwa na kuvutwa tena.

Kubadilisha matumizi kulidai kazi nyingi. Kwenye San Marco kulijengwa banda refu lenye viyoyozi, ambamo roketi ilikusanywa ikiwa imelala, na mtambo wa kuiinua wima siku ya safari. Santa Rita likafanywa chumba cha kuongozea. Majukwaa yalitenganishwa kwa karibu nusu kilomita na kuunganishwa kwa nyaya zilizopita chini ya maji, kusudi watu wahame San Marco kabla ya kuwasha moto na kazi iendelee kutoka upande wa pili. Baadaye liliongezwa jukwaa dogo la tatu, Santa Rita II, la rada. Wenye majahazi wa Malindi wangeielewa hesabu hiyo bila kufafanuliwa, kwani ndivyo wanavyochukua injini ya lori lililochoka, wakaipima, wakaifungia shafti na kuipa maisha mapya baharini.

Roketi nayo ilichaguliwa kwa jicho hilo hilo la ubahili. Scout ilikuwa ya bei nafuu kuliko roketi nyingine zote za Marekani za kupeleka satelaiti angani. Ilikuwa na hatua nne, urefu wa mita 23 hivi, na zote nne ziliendeshwa kwa fueli yabisi, yaani fueli iliyokwisha kumiminwa kiwandani ndani ya ganda na kuganda kama mpira mgumu. Hilo si jambo dogo ukiwa katikati ya bahari. Roketi za fueli ya maji zinahitaji matangi, pampu, mabomba na gesi zilizopozwa mno, na kila kiungo ni mahali pa kuvuja. Scout ilikuja na hatua zake zikiwa tayari. Kilichobaki ni kuziunga, kuzipima na kuzilinda na joto na unyevu wa pwani.

Kazi ilianza na Santa Rita. Machi 1964, Kenya ikiwa na miezi mitatu tu tangu ipate uhuru, roketi ndogo za uchunguzi aina ya Nike Apache zilirushwa kutoka jukwaa hilo. Hizo hazikuwa za kukaa angani. Zilipanda, zikapima hewa ya juu, zikaanguka baharini. Desemba 15 mwaka huo kikosi cha Broglio kilikuwa Wallops, ambako Waitaliano wenyewe walirusha San Marco 1 kwa roketi ya Scout. Lilikuwa zoezi la kujifunza mkono kwenye mtambo wa mwenyeji kabla ya kwenda kuhangaika na wa kwao.

Aprili 26, 1967, San Marco 2 iliondoka Ngomeni. Ufaransa ilikuwa imetangulia kurusha satelaiti kutoka ardhi ya Afrika, huko Hammaguir, Algeria, mwaka 1965. Lakini kurusha satelaiti kutoka jukwaa la baharini hakukuwa kumewahi kufanyika popote duniani.

Ndani ya satelaiti hiyo mlikuwa na kifaa ambacho Broglio alikibuni mwenyewe na ambacho kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu kinaonyesha akili iliyouendesha mradi wote. Wanasayansi walitaka kujua hewa ya huko juu, kilomita 200 na zaidi, ina uzito gani. Hewa hiyo ni nyembamba mno, ila haikosekani, na satelaiti inapoipenya inazuiwa kidogo kidogo. Broglio aliitengeneza satelaiti kama vitu viwili: ganda jepesi la mviringo nje, na kiini kizito ndani, vikishikana kwa mikono inayonesa. Hewa inaligusa ganda peke yake. Kwa hiyo ganda linachelewa kidogo nyuma ya kiini, mikono inanesa, na mneso huo ukipimwa unajua hewa imesukuma kwa nguvu kiasi gani. Hakuna kipimo tofauti kilichofungwa juu ya satelaiti. Satelaiti nzima ndiyo mizani. San Marco 2 ilipima hivyo juu ya ikweta kwa miezi kadhaa, hadi hewa ile ile ilipoishusha na kuiunguza Oktoba 1967.

Habari zilienea kwamba jukwaa linafanya kazi, na wateja wakaja.

Mteja mkubwa kuliko wote alikuwa NASA yenyewe. Wakati huo kulikuwa na wanasayansi waliotaka kuuona ulimwengu kwa eksirei, miali ambayo hewa ya dunia huizuia isitufikie chini. Riccardo Giacconi, Mwitaliano aliyehamia Marekani, na wenzake walikuwa wamegundua chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya mfumo wa jua mwezi Juni 1962, kwa roketi iliyokaa juu ya hewa nzito kwa dakika chache tu. Kwa miaka minane iliyofuata elimu hiyo iliendelea kwa mtindo huo wa kuchungulia dirishani ukikimbia. Giacconi alitaka satelaiti ikae huko juu na kupiga picha ya anga zima.

Hapo ndipo Ngomeni ilipoishinda Cape Canaveral. Kuizunguka dunia kuna mikanda ya chembe zenye nguvu nyingi, na upande wa Brazili na Atlantiki ya kusini mikanda hiyo inashuka chini. Satelaiti ikipita humo, vipimo vyake vinajaa kelele na havifai kitu. Inayozunguka karibu kabisa na ikweta inaukwepa sehemu kubwa ya mkosi huo. Kupata njia hiyo kwa roketi ndogo kama Scout kulihitaji kuanzia kwenye ikweta, na mahali pa kuanzia palikuwa San Marco.

Msimamizi wa mradi upande wa NASA alikuwa Marjorie Townsend, mhandisi wa kwanza mwanamke kuhitimu katika Chuo Kikuu cha George Washington, na wa kwanza kusimamia urushaji wa chombo cha anga cha Marekani. Satelaiti ilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi na jina kavu la kiofisi, SAS-1. Ilirushwa Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru. Townsend akaiita Uhuru, na jina hilo ndilo lililobaki katika vitabu vya sayansi.

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei. Ilionyesha kuwa baadhi ya vyanzo hivyo ni jozi za nyota, moja ndogo na nzito mno ikiinyonya gesi ya mwenzake. Katika kundinyota la Centaurus ilikutana na kimoja kinachowakawaka kila sekunde tano kasoro kidogo. Vipimo vyake vya chanzo kiitwacho Cygnus X-1 vilisaidia kukifanya kiwe kitu cha kwanza ambacho wanasayansi wengi walikubali kukiita shimo jeusi. Na ndani ya makundi ya galaksi, kati ya galaksi moja na nyingine, pale palipodhaniwa kuwa patupu, ilikuta gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Si rahisi kupata kituo kingine cha kurushia, kikubwa au kidogo, ambacho kwa safari yake ya pili tu ya satelaiti kilizaa matunda ya namna hiyo.

Safari nyingine zilifuatana kwa karibu: San Marco 3 mwezi Aprili 1971, Explorer 45 Novemba mwaka huo, SAS-2 ya kupima miali ya gama Novemba 1972, San Marco 4 Februari 1974, Ariel 5 ya Waingereza Oktoba 1974, na SAS-3 Mei 1975. Baada ya hapo pakawa kimya kwa karibu miaka 13.

Mitambo iliyoko baharini haipumziki hata isipotumika. Chumvi ya Ngomeni si ya kubahatisha. Nyuma ya kijiji, kuelekea Gongoni na Marereni, maji ya bahari hii hii hukaushwa katika mabwawa ya makampuni ya chumvi na kuuzwa nchi nzima. Hewa yenye chumvi hiyo hula nati, hula waya ndani ya mpira wake, hula jeki za miguu. Chuma kinachokaa pale mawimbi yanaporuka, yaani juu kidogo ya maji kujaa, huharibika zaidi kuliko kile kisichotoka majini kabisa, kwa kuwa kinapata maji na hewa kwa zamu. Jukwaa likiachwa bila kupigwa msasa na kupakwa rangi, kutu haingoji bajeti ipitishwe.

Mambo ya nchi kavu nayo yalikuwa na uzito wake. Kambi kuu ilijengwa ufukweni Ngomeni, na watu wake walifanya Malindi kuwa mji wao wa kupumzikia. Gari lililotoka Mombasa bado lilipanga foleni ya feri kwenye mkono wa bahari wa Kilifi. Daraja halikufunguliwa hadi 1991. Malindi ilikuwa mji mdogo wa wavuvi, wafanyabiashara na hoteli chache. Wahandisi na wanajeshi wa mradi walikuwa miongoni mwa Waitaliano wa mwanzo kuukalia, kisha wakaja wenye hoteli, wenye majumba ya ufukweni na watalii kwa maelfu. Ni kukuza mambo kusema roketi ndizo zilizoleta pizza Malindi. Hata hivyo, vijana wa ufukweni waliojifunza Kiitaliano kabla hata ya Kiingereza wana historia inayopitia Ngomeni.

Safari ya mwisho ilikuwa Machi 25, 1988, San Marco D/L, tena kwa mizani ya Broglio. Waitaliano walikuwa na mpango wa kuiongezea Scout nguvu na kuendelea kuirusha kutoka hapo, lakini mpango huo haukufika baharini. Wamarekani walirusha Scout ya mwisho mwaka 1994. Nguvu za Italia zilielekezwa kwenye roketi mpya, Vega, ambayo iliruka mara ya kwanza Februari 2012, kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Broglio hakuiona, alifariki Januari 2001, na kituo cha Malindi kikapewa jina lake.

Ila kituo hakikufa, na hapa ndipo wanaopita wakiyaona majukwaa yenye kutu wanapokosea. Kilichohamia mbele ni antena za nchi kavu. Satelaiti inayozunguka juu ya ikweta huipitia Ngomeni kila baada ya dakika 100 hivi, na kila ikipita inaweza kumwaga takwimu ilizokusanya na kupokea amri mpya. Aprili 1996 Italia na Uholanzi zilirusha BeppoSAX, satelaiti ya eksirei, na Malindi ndiyo iliyokuwa sikio lake. Februari 28, 1997 ilinasa mlipuko wa miali ya gama. Milipuko hiyo ilikuwa imejulikana tangu miaka ya 1960, lakini kwa miaka 30 hakuna aliyeweza kusema inatoka jirani au upande wa pili wa ulimwengu. Saa nane tu baada ya mlipuko ule, BeppoSAX ilikuwa imeshageuziwa pale pale na kukuta mng'ao unaofifia. Darubini za ardhini zikaelekezwa huko, na mjadala ukaanza kufungwa: milipuko hiyo hutoka katika galaksi za mbali mno. Takwimu zake zilishukia Ngomeni kabla ya kufika Roma.

Baada yake zikaja Swift mwaka 2004, AGILE mwaka 2007, NuSTAR mwaka 2012 na IXPE Desemba 2021. IXPE huzunguka karibu juu kabisa ya ikweta ikichunguza eksirei, kazi iliyoanzwa na Uhuru, na inaongea na dunia kupitia kituo kile kile. China nayo iliitumia Malindi kufuatilia vyombo vyake vya Shenzhou.

Swali la Wakenya limekuwa jingine: sisi tunapata nini? Limeulizwa bungeni, limeulizwa Kilifi, na haki yake ya kuulizwa ni kubwa, kwa sababu kwa miongo mingi jina la Kenya lilionekana kwenye taarifa za kisayansi kama anwani tu. Mkataba mpya kati ya nchi hizi mbili ulitiwa saini Trento, Italia, Oktoba 2016, ukiwa na vipengele vya mafunzo, takwimu za kuiangalia dunia kutoka angani na msaada kwa taasisi ya anga ya Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilianzishwa mwaka 2017. Mei 2018 satelaiti ndogo 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilitolewa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Waliosaidia kuitengeneza walikuwa La Sapienza, chuo cha Broglio.

Aprili 15, 2023 ilifuata Taifa-1, iliyorushwa na roketi ya SpaceX kutoka Vandenberg, California. Wengi waliuliza kwa nini isirushwe Malindi. Jibu la uhandisi si la kufurahisha: Taifa-1 ilipangiwa njia inayopita karibu na ncha za dunia ili iione nchi nzima kwa mwanga ule ule wa jua, na kwa njia hiyo kasi ya ikweta haisaidii kitu. Faida ya Ngomeni ni kwa vyombo vinavyoelekea mashariki.

Mazungumzo ya kurudisha urushaji Kenya yameendelea, na majina ya majukwaa hutajwa kila mara. Fundi atakayetumwa kuyapima atalazimika kuanza chini ya maji, kwenye miguu iliyokita huko tangu miaka ya 1960, akipima unene wa chuma kilichobaki, kisha nyaya, kisha jeki, kisha banda. Hata akikuta vyote vinarekebishika, banda hilo na mtambo wake wa kuinulia vilikatwa kwa vipimo vya Scout, na Scout haitengenezwi tena.